Kifurushi cha Gemu na Baba Mkwe wa Ileje

Kila Jumanne ya mwisho wa mwezi kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inanifungulia kifurushi kipya cha gemu kwenye kompyuta yangu pale Mpemba, na kila Jumanne ya mwisho wa mwezi nilikuwa naapa kwamba hicho ndicho cha mwisho. Viapo nilivyokula kwa ajili ya kifurushi kile vingetosha kuapisha Bunge zima, mawaziri na wake zao.

Nilijiunga mwenyewe, nikiwa na akili timamu, wiki yalipotoka matokeo yangu ya kidato cha nne. Nilisoma masomo ya jioni. Natoka kuchapa fomu za mawakala wa forodha kwenye stationari ya mpakani, naingia darasani na akina mama wenye usingizi na vijana wa bodaboda wenye kelele, tunafundishwa aljebra na mwalimu aliyekuwa anasinzia kuliko sisi. Nilipofaulu nilitembea Tunduma nzima kama nimeshushwa na ndege. Niliona dunia inadaiwa kunipa zawadi. Dunia ikachelewa, nikajipa mwenyewe.

Utaratibu wake haukuwa mgumu. Unalipa kwa mwezi, wanakufungulia gemu mpya, na za nyuma zote zinabaki wazi ilimradi unaendelea kulipa. Siku ukijitoa, ghala lote linafungwa, hata ile gemu uliyoiacha mguu mmoja hewani. Kufikia wakati ninaousimulia, gemu zangu zilikuwa nyingi kuliko mahindi ya Mbozi mwaka wa mvua nzuri, na nyingi sikuwahi hata kuzigusa. Kulikuwa na ya kuosha madirisha ya maghorofa. Kulikuwa na ya bata mpelelezi. Kulikuwa na ya treni inayokwenda kwenye theluji kutwa nzima bila kufika popote. Hiyo mume wangu aliitazama kidogo akasema yeye kufanya hivyo analipwa, mimi nalipia.

Mume wangu ni dereva wa semi, anashusha mizigo Lubumbashi. Ni mpole, ila kifurushi kilikuwa kimemkaa kooni. Hoja yake ilikuwa moja tu: mtu hanunui chakula cha mwezi mzima akaonja kijiko kimoja. Mimi nilikuwa namjibu kwa hoja za darasani, nyingine na Kiingereza ndani yake, na bado hoja yake ikabaki imesimama pale pale kama nguzo ya umeme.

Halafu baba mkwe akavunjika mguu.

Mzee huyu amezaliwa na kuzeekea kwenye milima ya Ileje. Shamba lake la kahawa liko mahali ambapo hata mbuzi hufikiria mara mbili. Amepanda na kushuka ile miteremko tangu utotoni bila kujikwaa, akaja kuteleza mlangoni pa kanisa, mahali palipo tambarare kuliko pote wilayani. Hospitali wakamfunga plasta ngumu mpaka gotini, wakasema akae mjini, karibu nao, mpaka itakapotolewa. Mfupa ulikuwa bado laini. Akiurusharusha kwenye zile kona za kwao utaungana vibaya, na kupanda mpaka shambani kwake itakuwa hadithi. Mume wangu akampokea stendi, akamleta kwetu na magongo mawili, Biblia, na kuku mweupe wa kienyeji.

Sasa hapo lazima nieleze jambo. Kwenye familia za zamani kama yake, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hamtazamani, hamsemeshani, hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mwanamke ndiye anayetoka njiani, aingie hata kwenye miiba, mpaka mzee apite. Vijana wengi wa huko wameshaacha, lakini baba mkwe wangu hajawahi kuacha kitu alichokianza. Mimi ni wa Ihanda. Heshima ya wakwe tunayo, ila si ya kujificha kiasi hicho. Mama yangu alinionya siku ya kuolewa kwamba kwa yule mzee nikiona hata pindo la koti, nigeuke. Nimegeuka miaka yote hiyo. Uso wake nilikuwa naujua kwa picha ya harusi, na hata kwenye picha yenyewe tumetazama pande mbili kama tuna kesi.

Na nyumba yetu ina sebule moja na chumba kimoja. Nashukuru chumba kilikuwa na mlango wa pili unaotokea uani, la sivyo ningekuwa napita dirishani. Mume wangu akatundika kitenge kizito kwenye mlango wa kati, akampangia baba yake kochi na godoro sebuleni, na kabla hata hajakaa vizuri akapigiwa simu na tajiri wake kwamba mzigo uko tayari. Alinipokeza yule kuku uani, akasema, "Baba kaja na kuku," akakimbilia gari. Usiku jirani yangu mjane akawa anakuja kulala chumbani kwangu, watu wasipate la kuongeza.

Kabla mzee hajaletwa tulikuwa tumekubaliana kuhusu kifurushi. Kompyuta ilikuwa sebuleni. Sebuleni angekaa baba mkwe. Kulipia gemu ambazo ziko chumba kimoja na baba mkwe ni sawa na kulipia gemu zilizoko mwezini. Nikaahidi kwa kinywa changu: Jumanne ya mwisho ikija, najitoa.

Nilimkaribisha mzee kwa heshima zote. Yule kuku nilimchinja jioni ile ile, nikamuunga nyanya na vitunguu mpaka harufu ikawasimamisha madereva barabarani. Nikasukuma sinia chini ya kitenge kwa mti wa ufagio, nikapiga makofi, nikarudi nyuma. Nikangoja. Sinia lilirudi na kuku karibu mzima. Kipapatio kimoja tu kilikuwa kimeguswa, tena kwa adabu.

Tangu hapo mzee hakula. Namaanisha alikula kama ndege aliyefiwa. Kutwa ametazama ukuta. Wazee wa kanisa walipokuja kumwombea, nilimsikia anawaambia atarudi kwao Jumapili, hata kwa bodaboda, kwamba mtu asiyetakiwa hang'ang'anii nyumba. Nilijua ananisema mimi, ila kosa langu sikulijua, na kuuliza sikuruhusiwa. Nyumba yenye mtoto ina mjumbe: unamtuma, anakwenda kwa babu, anarudi na jibu. Sisi mtoto hatujajaliwa bado. Tulikuwa na chupa ya chai tu, mezani pale sebuleni.

Siku moja nilirudi kutoka kazini mapema, mzee anakoroma. Kochi lilikuwa limetazama kompyuta, kwa hiyo kupitia upenyo wa kitenge nilikuwa naona kioo, na kwa chini kidogo kofia yake ya sufu. Nikajiambia, kofia si mtu. Padi zangu mbili za kuchezea, za mtumba kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, hazina waya. Nikawasha gemu moja ya watu wawili, mwekundu na wa bluu, waliofungwa kamba moja kiunoni wanapanda mlima. Ilitaka wachezaji wawili. Mimi nilikuwa nampandisha mwekundu peke yake, wa bluu ananing'inia nyuma kama kiroba cha mkaa kwenye baiskeli.

Nikaanguka. Nikapanda tena, nikaanguka tena. Mkoromo ukawa umekoma kitambo na mimi sijatambua.

"Chupa," ikasema sauti kutoka kwenye kofia, ikiisemesha chupa ya chai ili isinisemeshe mimi, taratibu, kwa lafudhi ya milimani. "Huyo mtu mwekundu anapanda kwa kifua. Mlima haupandwi kwa kifua. Mwambie apite ubavuni."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na jirani zangu. Lakini nikampitisha mwekundu ubavuni, na mwekundu akapanda.

Kesho yake, kwenye sinia la ugali na maharage, niliweka padi ya pili kando ya bakuli la mboga. Nilisikia mzee anaomba kabla ya kula kama kawaida. Aliombea chakula, kisha akaongeza, "na hiki nacho." Sinia liliporudi lilikuwa jeupe. Maharage yote yamekwenda, ugali wote umekwenda, na padi haikurudi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye kwenye kochi, mwekundu. Mimi nyuma ya kitenge, wa bluu. Katikati mlima mrefu kuliko Mlima Mbeya na Rungwe ikibebana. Mzee alikuwa na vidole vya kuchuma kahawa, vyepesi ajabu. Alichokiona mara moja hakukisahau. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne ndiye niliyekuwa natuangusha, tena pale pale kila mara. Kulikuwa na ukingo mwembamba ambapo wote wawili wanapita kwa mstari mmoja. Mwekundu akija nyuma yangu, mikono yangu yenyewe, kabla kichwa hakijajua, ilikuwa inamtoa wa bluu pembeni ili mzee apite. Pembeni hakukuwa na miiba. Kulikuwa na korongo. Nikitumbukia, kamba inamvuta na yeye, tunashuka wote mpaka chini kabisa tulikoanzia.

Mzee alivumilia kwa muda mrefu, kisha uvumilivu ukaisha.

"Chupa, huyu wa bluu ana ugonjwa gani? Kila nikimkaribia anajitupa."

Nikageukia ukutani, nikamwambia mti wa ufagio kwamba mwanamke mwenye malezi hamzibii mzee njia.

"Mwambie malezi hayo yanatuua wote wawili," akasema kwa chupa.

Nilijaribu, jamani. Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Lakini kitu ulichofundishwa na mama hakitoki kwa kubonyeza kitufe. Tuliendelea kufa, na mzee akaendelea kula. Jumapili ikapita, habari ya bodaboda haikutajwa. Akaanza hata kuimba nyimbo za kanisa tukiwa tunangoja mlima ufunguke, na mimi nyuma ya kitenge naitikia sauti ya pili bila kufungua mdomo sana, ili isihesabike kuwa ni mazungumzo.

Sasa Jumanne ya mwisho ikawa inasogea, na kilele bado, na siku ya kutoa plasta iko baada ya hapo. Mume wangu anapiga simu kutoka Zambia, kwanza ananiuliza baba anakula, namwambia anakula kama shule ya bweni, anafurahi; kisha ananiuliza kama nimejitoa kwenye kile kitu. Namwambia Jumanne. Ningemwambia nini? Kwamba kifurushi kisifungwe kwa sababu nacheza gemu na baba yake mzazi, mzee wa kanisa, mtu ambaye sitakiwi hata kukanyaga kivuli chake? Kwao wangeitisha kikao. Mzee mwenyewe akizungumza na mwanawe alikuwa anasema anasoma Zaburi.

Ningeweza kulipa kimya kimya, lakini niliahidi, na mume wangu si mtu wa kudanganywa. Ningeweza kufunga, na mzee angerudia ukuta wake, na Jumapili inayofuata angepanda bodaboda na ule mfupa laini. Nililipima jambo lile kushoto na kulia mpaka pale stationari nikaandika kwenye fomu ya wakala kwamba lori limebeba tani za baba mkwe.

Jumanne yenyewe, mtandao wa forodha ukalala, hakuna fomu, bosi akaturudisha nyumbani mchana. Nikakaa kitandani na simu. Nikafungua ukurasa wa kujitoa. Wale watu wana ujanja: ukibonyeza kujitoa, anatokea kibwana mdogo wa katuni analia, anakuuliza kwa Kiingereza kama kweli una roho ya kuwaacha. Nikabonyeza ndiyo. Akatokea anayelia zaidi. Nyuma ya kitenge nikasikia mzee anaiambia chupa kwamba yeye yuko tayari, kama huko ndani wamemaliza kupika wanachopika. Nikaweka simu kitandani kifudifudi, nikashika padi.

Tulikuwa tumefika kwenye ule ukingo mlango wa mbele ulipofunguka. Foleni ya malori ilikuwa imetoka mpakani imetupita sisi ikaendelea, na mume wangu, aliyevuka toka asubuhi, alikuwa ameliacha gari na utingo akaja nyumbani kwa miguu. Alisimama mlangoni. Akaona baba yake na padi mkononi. Akaona padi nyingine imechungulia kwenye kitenge, na vidole vyangu.

"Baba," alisema, "unafanya nini?"

"Napanda mlima."

"Na nani?"

Mzee akainyooshea kidole chupa ya chai.

Nilimsikia mume wangu anavuta stuli, anakaa. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilinitisha. Akaniuliza kupitia kitenge kama nimejitoa, ili gemu zote zifungwe leo. Nikasema nimefika kwa yule wa pili anayelia. Akasema basi nimpe simu amalizie yeye, na hayo mengine yatazungumzwa na wazee wa kwao, kwa sababu huyu ni baba mkwe, si mtoto wa jirani.

"Mwambie huyo dereva atulie," mzee akaiambia chupa.

"Baba, mimi ni mwanao. Unaongea na chupa."

"Naongea na mke wako. Chupa inapitisha tu. Ningekuwa naongea naye mwenyewe tangu siku niliyofika, kama angemtaka yule kuku."

Hata wa bluu na mwekundu walisimama kwenye kamba yao wanasikiliza.

Ndipo mzee akasema yote, akimtazama mwanawe. Kwamba kwao mkwe akichoka kufichana na mke wa mwanawe, anamletea kuku jike wa kufungua mdomo. Mwanamke akimpokea na kumfuga, basi, tangu siku hiyo wanasalimiana kama baba na binti. Yeye amezeeka, mguu umevunjika, anakuja kukaa nyumba ya mtu. Akaona aibu kulishwa kwa mti wa ufagio. Akaja na kuku mweupe. Akamkabidhi mwanawe stendi, akamweleza kuku ni wa nini. Na jioni ile ile kuku akaletewa kwenye sinia, na nyanya juu. Kuku wa kufungua mdomo akichinjwa maana yake mwanamke amekataa. Ndiyo maana aligusa kipapatio tu. Ilikuwa ni kama kula barua yake mwenyewe.

Nyuma ya kitenge nilikuwa nimeshika mdomo. Nilimuunga vitunguu, mimi. Nilimuunga mpaka na karoti.

"Hukunieleza," nikasema, na sikumwambia ufagio. Nilimwambia mume wangu.

Mume wangu akakiri, pole pole, kwamba stendi alielezwa, tena alielezwa vizuri, na kwamba maneno yote alikuwa nayo mdomoni pale uani. Ila simu ya tajiri ilipoita, yakabaki mawili. Baba, na kuku.

"Basi kuku ni deni lako," mzee akamwambia.

Mume wangu akasema hilo si neno, kesho atakwenda soko la Jumatano, ataleta kuku mkubwa kama mbuni. Mzee akakataa. Alisema kuku wa sokoni hana ukoo, na kuku wa pili hafungui mlango uliofungwa na wa kwanza. Lazima kiwe kitu kingine, kitu ambacho mwanamke huyu hatakichinja. Akafikiri. Nilisikia magongo yanagongana anavyojiweka sawa kwenye kochi.

"Hicho kinachofungwa leo," akasema. "Hicho cha mlima. Kinafugika?"

Mume wangu akamweleza, kwa sauti ya mtu anayejichimbia shimo mwenyewe, kwamba kinafugika, ila kinataka kulishwa kila mwezi.

"Hata kuku anataka mahindi," mzee akasema. "Lipa."

Nikamsikia mume wangu anacheka. Alianza kwa pumzi, akaishia ameegemea ukuta. Mkono wake ukapita chini ya kitenge kama sinia, nikaweka simu kiganjani, na dereva yule yule aliyekuwa amekuja kukizika kifurushi akakilipia kwa dole gumba lake, mbele ya baba yake, kwa niaba ya kuku mweupe wa Ileje. Na tangu siku hiyo hakuna wa kukifuta. Nani atakifuta? Atakayekifuta atakuwa amechinja kuku mara mbili.

Nilifunga khanga vizuri, nikasogeza kitenge, nikaingia sebuleni kwangu kwa mara ya kwanza tangu mzee aje. Nikapiga magoti. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko kwenye picha, na wenye mikunjo ya kucheka ambayo sikuitegemea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akapapasa kochi pembeni yake, upande usio na plasta, nikakaa ukingoni kabisa kama niko ofisi ya mkuu wa mkoa. Akaniangalia, akaangalia kioo, pale mwekundu na wa bluu walipokuwa bado wanangoja kwenye ule ukingo mwembamba. Akashika padi yake.

"Sasa," akasema, "acha kunipisha."